Kikombe kisichosamehe: kisa cha nyonga ya ASR

Aliyewahi kutwanga kisamvu anajua. Kinu kikisimama wima, mchi unashuka katikati na majani yanapondeka sawasawa. Kikilala upande kidogo tu, mchi unaanza kugonga ukingo, na ukiendelea hivyo utakula kisamvu chenye unga wa mti. Nyonga ni kinu na mchi, ila kinu kimepinduliwa: shimo liko juu, kwenye fupanyonga, limetazama chini na nje na mbele kidogo, na kichwa cha fupa la paja kinaingia kutokea chini. Daktari anapobadilisha nyonga iliyokwisha hulichonga shimo lile, akapigilia ndani yake kikombe bandia, kisha akachomeka shina kwenye fupa la paja na kuvika tufe juu yake. Kikombe kikikaa vibaya, mchi unapiga ukingo. Maabara za kupima viungo bandia huhesabu mwaka mmoja wa kutembea kuwa mizunguko milioni moja. Huo ni utwangaji mwingi.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Watu hunijia wakiwa wameshapasuliwa, mkongojo mkono mmoja, bahasha ya eksirei kwapani, na swali wanalotaka kumuuliza daktari wananiuliza mimi kwa sababu daktari alikuwa na foleni: "Kikombe kimekaa sawa?" Kila nikijaribu kulijibu najikuta nimerudi kwenye kisa kimoja ambacho hakikutokea kwetu, lakini ndicho kilichonifundisha kwamba swali hilo lina nusu ya pili ambayo watu hawaiulizi. Ni kisa cha nyonga ya chuma iitwayo ASR, iliyotengenezwa na DePuy, kampuni iliyo chini ya Johnson & Johnson. Iliingia sokoni 2003. Agosti 2010 iliondolewa duniani kote, zikiwa zimeshawekwa takriban nyonga 93,000.

Nautaja upande wangu mapema, msomaji asije akanishuku baadaye. Vikombe vingi vya ASR viliwekwa kwa pembe mbaya, hilo halina ubishi. Lakini chuma kinachodai mkono usiopotea hata kidogo kilikuwa na kasoro kabla hakijatolewa kwenye boksi.

Pembe mbili

Kikombe kina pembe mbili zinazohesabiwa. Ya kwanza ni mwinamo: ukitazama eksirei ya mbele, mdomo wa kikombe umeinuka kiasi gani. Nyuzi sifuri ni mdomo uliotazama chini kabisa, kama bakuli lililofunika chakula. Nyuzi 90 ni mdomo uliotazama nje ubavuni, na hapo tufe halina paa. Ya pili ni mgeuko, yaani mdomo umegeukia mbele kiasi gani.

Mwaka 1978 Lewinnek na wenzake huko Marekani walipitia nyonga 300 zilizobadilishwa, tisa kati yake zikiwa zimechomoka, wakapendekeza kile walichokiita eneo salama: mwinamo wa nyuzi 40 na mgeuko wa nyuzi 15, kwa ruhusa ya kupotea nyuzi 10 kila upande. Nyonga zilizokuwa ndani ya eneo hilo zilichomoka kwa asilimia 1.5, zilizokuwa nje kwa asilimia 6.1. Nyonga tisa tu! Juu ya nyonga tisa pakajengwa kanuni ambayo madaktari wa dunia nzima wamefundishwa nayo kwa zaidi ya miaka 40. Sisemi Lewinnek alikosea. Nasema tunapenda sana namba tukishapewa moja.

Namba hizo mbili zinaonekana rahisi ukiwa mezani na penseli. Chumba cha upasuaji ni kitu kingine. Kwa njia inayotumiwa na wengi, mgonjwa amelazwa ubavu, nyonga inayofanyiwa kazi ikiwa juu, na amefunikwa vitambaa mpaka kinachoonekana ni kidirisha cha ngozi. Daktari ameshika fimbo nzito, kikombe kikiwa nchani mwake. Kwenye fimbo kuna mkono wa chuma wa kupimia: ukikaa sambamba na sakafu, kikombe kiko kwenye nyuzi zilizokusudiwa. Hesabu hiyo ni kweli kabisa endapo fupanyonga la mgonjwa limesimama wima chini ya vile vitambaa. Halisimami. Msaidizi akiuvuta mguu ili nafasi ipatikane, fupanyonga linajiviringisha. Mgonjwa mnene anazama kwenye godoro. Mgongo uliopinda unalikokota fupanyonga na kulipeleka unakotaka wenyewe. Mkono wa chuma uko sambamba na sakafu vilevile, lakini sakafu si mgonjwa.

Kisha nyundo. Kikombe cha aina hii hakigundishwi kwa saruji; hupigiliwa kwenye mfupa uliochongwa mdogo kidogo kuliko chenyewe, kikashikwa kwa kubanwa. Nyundo za mwanzo zina sauti butu. Ghafla sauti inakuwa kali, kama msumari uliofika kwenye zege, na hapo daktari anajua kimekamata. Vikombe vingi vya kawaida vina matundu ya skrubu ambayo daktari huchungulia aone kama kimefika chini. Cha ASR kilikuwa kipande kimoja kizima cha chuma, hakina tundu. Ukiwa na wasiwasi unaongeza nyundo, na kila nyundo ina nafasi ya kubadilisha pembe.

Kwa hiyo mikono ya madaktari hupata kwa kiasi gani? Hospitali ya Massachusetts General, Boston, ilipima nyonga 1,823 zilizofanywa na madaktari wake, matokeo yakachapishwa 2011. Walijiwekea malengo yao: mwinamo kati ya nyuzi 30 na 45, mgeuko kati ya 5 na 25. Waliofika kwenye mwinamo ni asilimia 63. Kwenye mgeuko, asilimia 79. Kwa pembe zote mbili kwa pamoja, asilimia 50. Nusu. Hiyo ni moja ya hospitali zinazoheshimika zaidi duniani, si zahanati ya kijijini, na sehemu kubwa ya hao walio nje ya malengo walikuwa wanatembea bila shida yoyote. Ishike hiyo nusu, kwa sababu kisa chote kinaizunguka.

Sahani mahali pa bakuli

Kwa nini mtu atengeneze nyonga ya chuma juu ya chuma? Sababu ilikuwa nzuri. John Charnley, aliyeanza mwaka 1962 katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, kutumia tufe dogo la chuma ndani ya kikombe cha plastiki ngumu, aliwapa wazee nyonga zilizodumu hadi wakazikwa nazo. Lakini plastiki ile ilikuwa inalika, vumbi lake linaula mfupa, na mtu wa miaka 40 anayebeba mizigo na kupanda ngazi aliimaliza mapema. Mwaka 1997 Derek McMinn wa Birmingham akaleta nyonga ya kuvika: badala ya kukata kichwa cha fupa la paja, unakivika kofia ya chuma, kikombe nacho chuma, na tufe linakuwa kubwa kama la asili. Tufe kubwa halichomoki kirahisi. Vijana wakarudi viwanjani. Kampuni nyingine zikaona soko.

ASR ilikuja kama toleo lililoboreshwa, kwa namna mbili: ya kuvika, na yenye shina. Kikombe kilifanywa chembamba ili mfupa mwingi ubaki. Nafasi kati ya tufe na kikombe ilifanywa finyu sana ili ute unaolainisha kiungo ushikwe vizuri katikati. Na kikombe kilifanywa cha kina kifupi, tena kwa ndani karibu na ukingo kilichongwa mfereji wa kushikia kifaa cha kupigilia, mfereji uliopunguza zaidi eneo la kubebea tufe. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una maelezo yake. Vikikaa pamoja vinakupa sahani mahali ulipohitaji bakuli.

Hapa naomba uvumilivu wa hesabu ndogo. Bakuli kamili, nusu tufe, lina upinde wa nyuzi 180. Tuseme ukilikata libaki na 160: umeondoa nyuzi 10 kila upande. Ukilipachika kwa mwinamo wa nyuzi 45, ambao kitabu kinausifu, ukingo wake wa juu umekaa mahali ambapo ukingo wa bakuli kamili ungekaa likiwa kwenye nyuzi 55. Daktari ameona 45 kwenye eksirei, mgonjwa ameambiwa yuko salama, na tufe linajua 55. Ukikata zaidi, libaki 150, zinakuwa 60. Upinde wa ASR haukuwa sawa kwa saizi zote: saizi zilivyopungua ndivyo upinde nao ulivyopungua.

Na saizi ndogo huvaliwa na nani? Wanawake, kwa sehemu kubwa. Kwenye tufe la milimita 44, kila unyuzi mmoja wa pembe ni kama theluthi moja ya milimita na ushei kwenye uso wa kikombe. Nyuzi 10 hazifiki hata milimita nne. Milimita nne ndiyo tofauti kati ya tufe linaloelea juu ya ute na tufe linalokwaruza ukingo. Ile nafasi finyu iliyokusudiwa kusaidia nayo ikageuka: chuma viwili vikikaribiana sana, sehemu inayogusana inatanuka, na inapotanuka inaufikia ukingo mapema zaidi.

Tufe likishaupanda ukingo, ute unakatika. Chuma kinasaga chuma, na unga unaotoka ni mwembamba kupita kiasi, chembe za kobalti na kromiamu ambazo seli huzimeza. Mwaka 2008 madaktari wa Oxford walieleza uvimbe uliokuwa umeota kuzunguka nyonga 20 za chuma juu ya chuma, za aina mbalimbali. Haukuwa saratani, lakini ulikuwa unasukuma mishipa na kula misuli. Wagonjwa wote walikuwa wanawake. Madaktari waliofungua nyonga za namna hii ili kuzirekebisha walikuta maji ya kijivu yenye weusi, na nyama iliyolegea isiyoshika uzi.

Ni mkono au ni chuma?

Tony Nargol, daktari bingwa wa mifupa katika hospitali ya North Tees kaskazini mwa Uingereza, alikuwa mtumiaji wa ASR, si adui yake. Wagonjwa wake walipoanza kurudi na maumivu yeye na mwenzake David Langton, aliyekuwa mtafiti, walianza kupima damu na kupima vikombe vilivyotolewa. Nargol alipopeleka malalamiko kwa kampuni, jibu alilopata, kama alivyolieleza hadharani baadaye, lilikuwa kwamba tatizo ni namna anavyoviweka vikombe. Wengine hawana shida.

Jibu hilo ni kali kwa daktari. Kila daktari wa upasuaji anajua ndani ya nafsi yake kwamba baadhi ya vikombe vyake havikukaa vizuri, kwa hiyo ukimwambia kosa ni lako ana mahali pa kuliweka. Anakwenda kuzitazama eksirei zake usiku, anaona nyuzi 52 hapa, 56 pale, anajilaumu, ananyamaza. Ukipenda, ni utetezi bora kuliko wote, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Nusu hiyo tuitaje kwa haki. Koen De Smet na wenzake wa Ghent, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2008 vipimo vya damu vya wagonjwa wa nyonga za kuvika, na ilionekana wazi: mwinamo ukipita nyuzi 55, kiasi cha chuma kwenye damu kinapanda. Langton naye alipata uhusiano kati ya pembe, saizi ya tufe na kiwango cha chuma. Kwa hiyo kampuni ilipowaandikia madaktari Machi 2010 na kutaja vikombe vilivyosimama sana na matufe madogo haikuwa imetunga jambo. Ilikuwa imesema ukweli kwa namna iliyoacha kitu kikubwa nje.

Kitu hicho kilikuwa kimeshaonekana Australia. Rejista ya taifa ya viungo bandia ya huko inaandika kila nyonga inayowekwa, nani alitengeneza, na kama imekuja kutolewa. Ripoti ya 2007 ilikuwa tayari inaionyesha ASR ikitolewa mapema kuliko nyonga nyingine za kundi lake. Mwishoni mwa 2009 iliondolewa kwenye soko la Australia, kampuni ikisema ni uamuzi wa kibiashara. Sasa fikiri namna rejista inavyofanya kazi. Ndani yake kuna madaktari wengi, wazuri na wa wastani, wenye mikono ileile wanayotumia Jumatatu kuweka kikombe cha kampuni moja na Jumatano cha kampuni nyingine. Kama kosa ni mikono, nyonga zote zingeanguka kwa kasi inayokaribiana. Hazikuanguka hivyo. Makosa ya pembe yaligawanywa kwa wote, adhabu ikaenda kwa mmoja.

Rejista ya Uingereza na Wales ikaja na namba zilizofunga mlango: ndani ya miaka mitano, asilimia 12 hivi ya ASR za kuvika zilikuwa zimetolewa, na 13 ya zile zenye shina. Hizo ndizo zilizotajwa Agosti 2010 wakati wa kuiondoa. North Tees waliofuatilia wagonjwa wao kwa karibu zaidi, wakapima damu hata za wasiolalamika, walipata picha mbaya kuliko hiyo. Kufikia miaka sita, ASR za kuvika zilizoshindwa zilikuwa asilimia 25. Zenye shina, zilizouzwa kwa jina la ASR XL, asilimia 48.8.

Zitazame tena hizo namba mbili za mwisho, maana kwangu ndizo kitovu cha kisa. Kikombe ni kilekile. Chumba cha upasuaji kilekile, mikono ileile. Tofauti ni kwamba kwenye XL kichwa cha mfupa kimekatwa, na tufe kubwa la chuma limevikwa kwenye shingo ya shina kwa kubanwa, kama kofia ya jembe kwenye mpini. Tufe kubwa linaipa shingo ile mzunguko mkubwa wa kukinzana nao kila hatua. Kiungio kinacheza kidogo kidogo, kinaliwa na kutu, kinatoa unga wake mwenyewe. Pembe ya kikombe haiwezi kueleza kwa nini kikombe hichohicho kikiunganishwa na shina kinashindwa karibu mara mbili. Na mwaka 2012 watafiti wa London, wanaochunguza nyonga zilizotolewa miilini, wakaongeza jingine: uvimbe ule ulikuwa wa kawaida hata kwa nyonga za chuma zilizokaa vizuri na zilizolika kidogo tu.

Kuna mtu mmoja katika kisa hiki ambaye alisimama pande zote mbili za meza. Stephen Tower, daktari wa mifupa wa Anchorage, Alaska, aliwekewa ASR mwenyewe. Mwaka 2010 aliandika kuhusu wagonjwa wawili waliopata sumu ya kobalti kutokana na nyonga zao: masikio yanayovuma, mikono inayotetemeka, akili inayosahau, moyo ulioathirika. Mmoja wao alikuwa na mikrogramu 122 za kobalti kwa lita ya damu. Mgonjwa huyo alikuwa yeye. Kiwango ambacho mamlaka ya Uingereza ya dawa na vifaa tiba iliwataka madaktari wakifuatilie, mwaka huohuo, ni mikrogramu 7.

Majaribio je? Mashine za kuzungusha nyonga maabara zilikuwepo, na ASR ilizungushwa. Lakini utaratibu wa kupima wa wakati ule ulikiweka kikombe mahali pazuri, mzigo ukishuka katikati. Kinu wima. Kwa Marekani, ASR ya kuvika haikuwahi kuidhinishwa, ila XL iliruhusiwa 2005 bila majaribio kwa wagonjwa, kwa hoja kwamba inafanana vya kutosha na vifaa vilivyokuwa sokoni tayari.

Kesi nazipita haraka, mimi si mwanasheria. Baraza la mahakama la Los Angeles liliona Machi 2013 kwamba muundo una kasoro, likampa mlalamikaji dola milioni 8.3, mwezi uliofuata baraza la Chicago likaipa ushindi kampuni. Kesi ya Los Angeles ilitoa hadharani tathmini ya ndani ya kampuni ya mwaka 2011, iliyokadiria kwamba karibu asilimia 40 ya XL zingeshindwa ndani ya miaka mitano. Novemba 2013 kampuni ilikubali kulipa takriban dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa wapatao 8,000 wa Marekani.

Baada ya chuma

Nyonga za chuma juu ya chuma zimekaribia kutoweka. Iliyorudi na ushindi ni plastiki, ila si ile ya Charnley: imepigwa mionzi ili minyororo yake ifungamane, hailiki ovyo, na ikikaa kwa nyuzi 50 badala ya 40 hainung'uniki sana. Chuma cha ASR hakikuwa na uvumilivu huo.

Sasa zimekuja roboti. Mgonjwa anapigwa picha ya CT, kompyuta inalijua fupanyonga lake lilivyo, mkono wa roboti unamzuia daktari asichonge nje ya mpango. Vikombe vinavyotoka nje ya malengo vinapungua, hilo linaonekana. Ila malengo yenyewe ni yapi? Mayo Clinic ilichapisha 2016 hesabu ya nyonga 9,784. Zilizochomoka ni 206, na kati ya hizo asilimia 58 zilikuwa ndani ya eneo salama la Lewinnek. Zilikuwa zimewekwa panapotakiwa, zikachomoka. Sehemu ya maelezo ni kwamba fupanyonga halikai kimya. Mtu akitoka kusimama na kukaa kwenye kiti, fupanyonga hulala nyuma kama nyuzi 20, na kikombe kinafungua mdomo mbele kumpisha mguu. Mgongo ukikakamaa, fupanyonga halilali, na paja linaligonga kikombe. Eksirei ya kulala kitandani haikuonyeshi hilo. Mimi nawaona watu wangu wanavyoishi: choo cha kuchuchumaa, kigoda cha mbuzi ya nazi, sijda mara tano kwa siku. Nyuzi 40 na 15 zilitungwa bila wao, na siku hizi nikipata eksirei naomba ya kukaa pia, hata kama napewa jicho la kushangaa.

Narudi kwenye swali la bahasha. Wengi wanaokuja kwangu na nyonga mpya wamepasuliwa India, na India ina sura yake katika kisa hiki. ASR iliwekwa kwa wagonjwa wapatao 4,700 huko, na kamati ya serikali ilipokuja kuwatafuta ili walipwe fidia, zaidi ya 3,000 hawakupatikana. Hakukuwa na orodha ya kuwapata. Hapa ndipo natoa ile nusu ya pili ya swali. Mgonjwa akiniuliza kama kikombe kimekaa sawa, nampimia mwinamo kwenye picha kwa rula ya uwazi, namwambia ninachokiona. Kisha namuuliza: ni kikombe gani?

Mara nyingi hajui. Boksi la nyonga bandia huja na stika ndogo nyeupe zenye jina la mtengenezaji, saizi, namba ya bidhaa na namba ya toleo la kiwandani. Moja hubandikwa kwenye faili la hospitali. Mgonjwa anaweza kuomba moja abaki nayo, au aipige picha kwa simu kabla hajaruhusiwa. Mama mmoja alinifungulia pochi mwezi uliopita, akatoa kitambulisho cha taifa, kadi ya bima, na ile stika ameibandika nyuma ya picha ya mjukuu wake. Tufe la milimita 36, plastiki iliyofungamanishwa, kikombe cha 52. Mwinamo wake ulikuwa nyuzi 48. Nikamwambia tuendelee na mazoezi ya ngazi.